Ulimwengu katika Darasa la Kiingereza: Fasihi ya Kiswahili na Historia ya Vitabu Teule Afrika Mashariki, 1962 hadi Leo



1. Utangulizi

Mwezi Juni mwaka 1962 mambo mawili yalitokea katika fasihi ya Afrika Mashariki, na ni nadra kuyasoma katika ukurasa mmoja. La kwanza lilitokea Kampala. Katika Chuo cha Makerere walikutana waandishi wa Kiafrika waandikao kwa Kiingereza, miongoni mwao Chinua Achebe, Wole Soyinka, na mwanafunzi wa chuo hichohicho aliyekuwa bado anaitwa James Ngugi. La pili lilitokea Tanganyika: Shaaban Robert, mshairi, mwandishi wa insha na wa riwaya, alifariki dunia mwezi huohuo.

Sharti la kushiriki mkutano wa Makerere lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Kwa sharti hilo, mwanafunzi aliyekuwa amechapisha hadithi fupi chache alikuwa na sifa ya kukaa mezani, ilhali mwandishi wa *Kusadikika* hakuwa nayo. Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe alilizingatia jambo hili baadaye katika kitabu chake *Decolonising the Mind* (1986), naye alilitazama kama dalili ya maradhi makubwa zaidi.

Katika mhadhara huu nitaifuata dalili hiyo mpaka mahali ambapo hatujazoea kuitafuta, yaani darasa la Kiingereza la vidato vya juu vya shule ya sekondari. Darasa hilo ndilo lililopewa jukumu la kumfungulia kijana wetu fasihi ya ulimwengu. Hoja yangu ni kwamba katika muda wa miaka sitini darasa hilo limefunguliwa kwa tamaduni nyingi mno, za karibu na za mbali, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mlango mmoja umebaki umefungwa, nao ni mlango unaoelekea darasa la jirani, ambako kijana yuleyule husoma fasihi ya Kiswahili. Nitajaribu kuonyesha kwamba mlango huo haukufungwa na udhaifu wa fasihi yenyewe, wala haukufungwa na lugha. Ulifungwa na mgawanyo wa idara, masomo na mitihani.

2. Kutoka Cambridge hadi rafu ya Heinemann

Hadi miaka ya mwanzo ya uhuru, mwanafunzi wa sekondari wa Kenya, Uganda na Tanganyika alifanya mtihani uliotungwa na Cambridge. Fasihi katika mtihani huo ilikuwa fasihi ya Uingereza. Shakespeare alikuwa nguzo ya mtaala, na waliomzunguka walikuwa waandishi wa riwaya na washairi wa nchi yake. Makerere nako shahada ilitolewa kwa uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Kwa hiyo mwalimu aliyefunzwa Makerere alirudi shuleni kufundisha vitabu vilevile alivyosomeshwa, naye aliwaandaa wanafunzi wake kwenda kusomeshwa hivyohivyo.

Mabadiliko ya kwanza yaliletwa na uchapishaji. Mwaka 1962 kampuni ya Heinemann ilianzisha mfululizo wake wa waandishi wa Kiafrika, na kitabu cha kwanza katika mfululizo huo kilikuwa *Things Fall Apart* cha Achebe, kilichokuwa kimetoka London mwaka 1958. Vitabu vya mfululizo huu vilikuwa vyembamba, vya jalada laini, na bei yake iliweza kubebwa na shule. Ni vigumu kutia chumvi umuhimu wa jambo hili dogo la kibiashara. Mtaala hauwezi kuteua kitabu ambacho shule haiwezi kukinunua.

Mabadiliko ya pili yalikuwa ya mitihani. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ili kuchukua hatua kwa hatua kazi iliyokuwa ya Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake mwaka 1973. Kenya iliunda lake mwaka 1980. Kuanzia hapo uteuzi wa vitabu ulikuwa mikononi mwetu wenyewe. Ni muhimu kuikumbuka tarehe hiyo, kwa sababu kila tutakachokilalamikia baada yake hatuwezi kumtwisha mkoloni peke yake.

3. Hoja ya Nairobi, 1968

Mwezi Oktoba mwaka 1968 wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wa kupendekeza kufutwa kwa Idara ya Kiingereza. Waraka huo unatajwa sana, nao husomwa kidogo. Wengi hudhani ulitaka Shakespeare atupwe na Achebe awekwe mahali pake. Haukusema hivyo. Swali lake lilikuwa la kitovu: tukisimama Nairobi na kuutazama ulimwengu, tuanze kuutazama kutoka wapi? Jibu la waandishi wake lilikuwa kwamba Afrika iwe katikati, na fasihi nyingine zote, ikiwamo ya Ulaya, zitazamwe kwa uhusiano wake na katikati hiyo.

Kwa sisi wa taaluma za Kiswahili kuna sehemu ya waraka huo inayostahili kuzingatiwa kuliko zote. Walipoitaja mizizi ya fasihi yetu, waandishi hao waliiweka kwanza fasihi simulizi, kisha wakaitaja fasihi ya Kiswahili, pamoja na athari zake za Kiarabu na Kiasia, kuwa mzizi mwingine, hasa kwa Afrika Mashariki. Fasihi ya Ulaya ilifuata baadaye. Kwa maneno mengine, katika ramani ya 1968 Kiswahili hakikuwa somo la pembeni. Kilikuwa sehemu ya shina ambalo fasihi ya ulimwengu ingepandikizwa juu yake.

Mjadala ulizaa matunda, lakini matunda hayo yaligawanywa. Nairobi ilipata Idara ya Fasihi, na kando yake Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika. Idara ya Fasihi ilifundisha kwa Kiingereza, ikiwasomesha Waafrika, Wakaribi, Wamarekani weusi na Wazungu. Kiswahili kilikwenda kwenye idara ya pili. Dar es Salaam, ambako Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, kilipata heshima kubwa zaidi na ulinzi thabiti zaidi, lakini umbo la mgawanyo lilikuwa lilelile: fasihi kwa Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule. Sikusudii kuwalaumu waliofanya hivyo. Idara ya Kiswahili iliyosimama peke yake ndiyo iliyotupatia kizazi cha wahakiki, wanaisimu na watunzi ambao bila wao mhadhara huu usingekuwapo. Nasema tu kwamba ulinzi huo ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa shuleni.

4. Ukuta unaingia shuleni

Mwezi Septemba mwaka 1974 ulifanyika mkutano katika Shule ya Nairobi kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Mapendekezo yake yalifuata mantiki ya duara: Afrika Mashariki katikati, kisha Afrika nzima, kisha Waafrika walioko ng'ambo, kisha sehemu nyingine za ulimwengu. Hayakupokewa yote kwa mara moja, lakini baada ya muda orodha za vitabu zilianza kufanana nayo. Kilichofika shuleni, hata hivyo, ni duara lenye pengo katikati. Afrika Mashariki iliyoingia darasani ni ile iliyoandika kwa Kiingereza.

Mwaka 1985 Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4. Mambo mawili yalifanyika pamoja. Kwanza, lugha ya Kiingereza na fasihi yake viliunganishwa kuwa somo moja. Pili, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani. Hatua hii ya pili ilikuwa ushindi mkubwa, na kila mpenzi wa Kiswahili aliishangilia kwa haki. Lakini matokeo yake ni kwamba kila mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya aliingia katika madarasa mawili ya fasihi yasiyosemezana, kila moja na mwalimu wake, vitabu teule vyake na karatasi yake ya mtihani.

Nchini Tanzania hali hiyo huonekana kwa uwazi zaidi katika kidato cha tano na cha sita, kwa wanafunzi wa mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mwanafunzi huyo huhakiki riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiswahili saa moja, kisha huhakiki riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiingereza saa inayofuata. Istilahi ni zilezile: maudhui, fani, mtindo, usuli wa mwandishi. Lakini mtihani wa somo moja haumwulizi kamwe alichojifunza katika somo la pili.

5. Watoto wawili waliotupwa

Huenda msikilizaji akasema kwamba huo ni utaratibu wa kawaida: darasa la Kiingereza hufundisha vilivyoandikwa kwa Kiingereza. Kama ingekuwa hivyo, nisingekuwa na hoja. Lakini sivyo. Mwanafunzi wa Kenya amesomeshwa katika darasa la Kiingereza tamthilia za Henrik Ibsen, Mnorwei aliyeandika kwa lugha ya kwao; za Nikolai Gogol, aliyeandika kwa Kirusi; na za Bertolt Brecht, aliyeandika kwa Kijerumani. Darasa hilo, basi, limekuwa kwa muda mrefu darasa la tafsiri. Halisemi hivyo, lakini ndivyo lilivyo.

Tuchukue mfano mmoja. Katikati ya miaka ya 2010, watahiniwa wa Kenya walisoma katika somo la Kiingereza *The Caucasian Chalk Circle* ya Brecht, na katika somo la Kiswahili *Kidagaa Kimemwozea*, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 2012. Historia ya tamthilia ya Brecht ni historia ya safari. Kisa cha duara la chaki kilitoka katika tamthilia ya kale ya Kichina. Brecht alikiandika upya mwaka 1944 akiwa mkimbizi Marekani. Tamthilia hiyo ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1948 na wanafunzi wa Chuo cha Carleton, Minnesota, nayo ilichezwa kwa tafsiri ya Kiingereza. Msikilizaji aliyelelewa katika Biblia ataisikia ndani yake hukumu ya Mfalme Suleimani. China, Ujerumani, Marekani, Kenya: hiyo ndiyo fasihi ya ulimwengu, na hakuna aliyeuliza kama inafaa kuingia darasani.

Sasa tuziweke kazi hizi mbili pamoja. Katika tamthilia ya Brecht, mtoto wa mtawala anaachwa na mama yake wakati wa machafuko, naye anaokolewa na kulelewa na Grusha, mtumishi wa jikoni. Katika riwaya ya Walibora, kitoto kinatupwa mlangoni pa Amani, mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, nacho kinalelewa na Amani pamoja na Imani, yaya katika nyumba ya Majisifu, nduguye Mtemi. Tamthilia inafunguliwa na mgogoro wa bonde: ni la nani, la aliyelirithi au la atakayelitunza? Riwaya nayo imejengwa juu ya ardhi iliyonyakuliwa na mwenye madaraka. Kazi zote mbili zinauliza swali moja: kitu ni cha nani, cha aliyekizaa au kukimiliki kwa nguvu, au cha aliyekilea?

Zinapoachana ndipo zinapofundisha zaidi. Mtoto wa Brecht anampata hakimu, Azdak, mlevi na mla rushwa, ambaye kwa ajabu ya zama za machafuko anatoa hukumu ya haki. Mtoto wa Walibora hapati hakimu, anakufa. Na jina alilopewa na walezi wake ni Uhuru. Mwanafunzi aliyezisoma kazi hizo pamoja angeweza kuuliza kwa nini mwandishi wa Kijerumani, akiiona vita ikielekea ukingoni, aliweza kuwazia haki katika pengo la utawala, na kwa nini mwandishi wa Kenya, nusu karne baada ya uhuru, hakuweza kukiacha kitoto hicho kiishi. Hilo ni swali la fasihi linganishi, na ni swali ambalo kijana wa miaka kumi na saba analimudu, kwa kuwa vitabu vyote viwili vilikuwa begani kwake ndani ya mkoba mmoja. Hakuulizwa. Karatasi ya Kiingereza ilimwuliza juu ya Grusha, na karatasi ya Kiswahili ikamwuliza juu ya Amani.

Vijana ni wepesi wa kusoma ishara. Kijana anayefundishwa kwamba ulimwengu una Norwei, Urusi, Ujerumani na hata Nyuzilandi ya Witi Ihimaera, lakini hauna Kiswahili, hujifunza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyelitamka. Hujifunza kwamba Kiingereza ni lugha ya ulimwengu na Kiswahili ni lugha ya nyumbani, kwamba kimoja hulinganishwa na kingine husimuliwa tu. Akitoka shuleni na fikra hiyo, itakuwa kazi ngumu kumshawishi aandike, atafsiri au afanye utafiti kwa Kiswahili.

6. Kiswahili kilikwisha kufanya sehemu yake

Ajabu ni kwamba upande wa Kiswahili ulifungua dirisha lake mapema. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya *Julius Caesar* mwaka 1963, na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Fortunatus Kawegere alitafsiri *Shamba la Wanyama* mwaka 1967. Samuel Mushi alitupatia *Makbeth* mwaka 1968 na *Mfalme Edipode* ya Sofokile mwaka 1971. Clement Ndulute alimleta Okonkwo katika Kiswahili mwaka 1973, chini ya jina la *Shujaa Okonkwo*. Katika muda wa miaka kumi tu, Uingereza, Ugiriki ya kale na nchi ya Waigbo zilikuwa zimeingia katika lugha yetu.

Safari ya upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, haikukosa wasafiri pia. *Al-Inkishafi* ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya William Hichens mwaka 1939, na tena kwa tafsiri ya James de Vere Allen mwaka 1977. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mwalimu wa Kiingereza alikosa matini. Shairi linalotafakari magofu ya Pate na kupita kwa fahari ya dunia lilikuwapo katika lugha yake ya kufundishia, likingoja kuwekwa kando ya mashairi ya Kiingereza yanayotafakari mauti.

Mwaka 2021 historia ilitupatia fursa nyingine. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake *Paradise* (1994) inamhusu Yusuf, kijana anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara Aziz kwa ajili ya deni, kisha akachukuliwa katika msafara wa bara. Wahakiki wameonyesha kwamba riwaya hiyo inasemezana na kisa cha Nabii Yusuf na masimulizi ya safari za Waswahili, kama yale yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Maana yake ni kwamba kitabu hiki cha Kiingereza hakifunguki chote bila ufunguo wa Kiswahili. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alikitafsiri kwa jina la *Peponi*. Leo mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili wanaweza kushika kitabu kimoja katika lugha mbili.

7. Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili ya kuheshimiwa. La kwanza ni la wenzetu wa Kiswahili: fasihi yetu ikianza kusomwa katika darasa la Kiingereza, haitamezwa? Wanafunzi hawatasema kwamba wamekwisha kuisoma kwa Kiingereza, na kuiacha lugha yenyewe? Hofu hii ina msingi. Ndiyo maana sipendekezi kwamba *Kidagaa Kimemwozea* isomwe kwa Kiingereza badala ya Kiswahili. Napendekeza kwamba mwanafunzi aliyeisoma kwa Kiswahili aruhusiwe kuileta kama ushahidi katika mjadala wa Kiingereza. Aliyevuka ukuta na kitabu chake mkononi hakukipoteza kitabu.

La pili ni la walimu: muda hautoshi. Hilo ni kweli, na halitatatuliwa kwa kumhimiza mwalimu aongeze bidii. Mwalimu hufundisha kinachotahiniwa, wala si haki kumlaumu. Kwa hiyo mabadiliko yaanzie kwenye karatasi ya mtihani: swali moja tu la insha, katika kila somo, linalomruhusu mtahiniwa kulinganisha kitabu teule na kazi aliyoisoma katika somo la pili. Swali moja lingewafanya walimu wawili waketi pamoja katika chumba cha walimu kwa shughuli ya taaluma.

8. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, jambo hili si la kuahirishwa. Katika mtaala wa umilisi ulioandaliwa Kenya kwa sekondari ya juu, Fasihi ya Kiswahili na Fasihi ya Kiingereza ni masomo mawili ya kuchagua. Mwanafunzi wa 8-4-4 alilazimika angalau kuingia katika vyumba vyote viwili. Wa leo anaweza kuchagua kimoja na asijue kilichomo katika cha pili. Ukuta ambao zamani ulikuwa kati ya masomo mawili ya mtu mmoja unaweza kuwa ukuta kati ya watu wawili.

Ngũgĩ alifariki mwezi Mei mwaka 2025, Owuor-Anyumba alimtangulia zamani, na waraka wao sasa ni wa kihistoria. Lakini ramani waliyoichora haijatumika yote. Walisema tuutazame ulimwengu kutoka tuliposimama. Tumeuona ulimwengu, na tumefanya vyema. Kazi iliyobaki ni ya walimu wa lugha zote mbili, nayo inaweza kuanza kabla ya mtaala wowote kubadilika: mwalimu wa Kiingereza amwulize mwenzake wa Kiswahili wanafunzi wao wanasoma nini muhula huu.